Nilimwita Rika Wangu Mwizi, Kamera ya Getini Ikaamini

Ngoja nianze na ng'ombe, halafu nitafika kwenye kosa langu. Kosa lipo, silikatai. Lakini mimi nikianza jambo katikati naliharibu, hata mke wangu anajua.

Nilikuwa mdogo, baba akanichukua kwenda mnadani Bunda kuuza mbuzi. Tunapita pale kwenye ng'ombe, baba akasimama ghafla kama mtu aliyekanyaga mwiba. Palikuwa na ng'ombe jike mwekundu, kafungwa kamba, anauzwa na mtu tusiyemjua. Baba akaniambia polepole, "Huyu namfahamu."

Nikamwambia baba, ng'ombe wekundu wako wengi. Akanijibu, "Rangi ni nyingi. Uso ni mmoja."

Pembe walikuwa wamemkata. Sikio wamelichana upya, kuficha alama ya mwenyewe. Baba hakupiga kelele. Alizunguka kwa nyuma, akamwita lile jina ambalo jirani yetu aliyeibiwa alikuwaga anamwitia wakati wa kukamua. Weee! Ng'ombe akageuza shingo na kulia kama mtoto aliyemuona mama yake. Yule muuzaji alikimbia akaacha ndala zake! Mnada mzima ulicheka. Jirani alirudishiwa mali yake, na baba kila alikopita akawa anapewa ugoro wa bure.

Mimi nikaona, kumbe kujua uso ni heshima. Nikakua nayo hiyo. Nilikuwa naangalia watu kama baba alivyoangalia ng'ombe. Mtu akija, natazama paji, masikio, namna anavyokunja mdomo, nakwambia ni wa ukoo gani na bibi yake aliolewa wapi. Shule niliishia darasa la nne, lakini hii elimu nilikuwa nayo. Kwenye misiba walikuwa wananiita, "Mzee, njoo utuambie huyu mgeni ni wa nani." Nakwenda mbio! Namfungua mgeni mpaka babu wa babu yake. Mke wangu Nyabweke alikuwaga anasema nisipozuiwa nitataja na mbuzi wa marehemu.

Ndiyo sifa iliyonimaliza.

Sasa nije kwa Magesa. Jina lake nimelibadilisha, na la mke wangu pia, na la huyo kijana nitakayemtaja. Kijiji sikitaji. Ni huku Butiama, yatosha.

Magesa ni rika wangu. Tulitahiriwa siku moja, tukaogeshwa maji ya baridi ya mto mmoja, tukalala kwenye ngozi moja mpaka tukapona. Huku kwetu mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu. Ndugu unaweza kumshitaki. Rika hashitakiwi. Huwezi kumtaja kwa mtu wa nje hata akiwa amekosa kweli. Mnamwita pembeni, mnamchapa wenyewe, mnanyamaza.

Na rika wana utani wao. Mimi na Magesa hatujawahi kusalimiana kama watu. Yeye akiniona mbali anapaza sauti, "Ficheni kuku, mwizi anakuja!" Mimi namjibu, "Mwizi wa ng'ombe wewe, juzi umelala zizini kwa nani?" Naye, "Kwako! Mkeo ndiye kanifungulia!" Hata padri alishazoea. Tumeitana wezi tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe, na hakuna aliyewahi kumwibia mtu hata sindano.

Basi ikaja kampuni ya machimbo. Haina haja ya kuitaja. Wakaweka uzio, na uzio ukaimeza njia yetu ya kwenda lamboni kunywesha ng'ombe. Tukalalamika, wakasema sawa, wataacha geti, tutapita. Kwenye geti wakasimamisha mlingoti, na juu ya mlingoti kamera, shingo imeinama kama korongo anayetafuta chura.

Kwenye mkutano walituambia ni ya usalama. Kila anayepita anapigwa picha usoni, kompyuta inamkumbuka. Mama mmoja akauliza, "Na nisipotaka kupigwa?" Yule mkubwa akacheka, akasema asiye na kosa haogopi kuonekana. Tukapiga makofi! Nakumbuka na mimi nilipiga. Hakuna aliyemjibu yule mama, mpaka leo.

Kumbe kompyuta ilikuwa na nyuso tu, majina haina.

Deus ni mtoto wa mdogo wake Nyabweke. Baba yake alifariki akiwa mdogo, akakulia kwangu. Ananiita baba mkubwa. Amekula ugali wangu, nimemfundisha kukamua, nimemvusha mto mgongoni. Alipopata kazi kwenye chumba cha kompyuta pale getini nilichinja jogoo. Nilijivuna! Nikawa napita pale na ng'ombe, nainua fimbo kusalimia kamera, najua mwanangu yuko ndani ananiona.

Jumapili moja baada ya misa akaja nyumbani na tableti. Nyabweke akapika ugali wa mtama na samaki wadogo hawa wa furu, anavipenda tangu utoto. Alipomaliza kunawa akasogeza kigoda.

"Baba mkubwa, naomba unisaidie kazi. Walinzi ni watu wa mbali, hawajui mwenyeji ni nani, mgeni ni nani. Tukiipa kila sura jina lake, mwenyeji atapita bila kusumbuliwa."

Nikamwambia, "Umefika penyewe, mwanangu."

Ndugu msomaji, niseme nini? Alianza kufunua zile sura moja moja, nami nikafunguka kama bomba lililopasuka. Huyu ni fulani, mama yake katoka Suguti. Huyu kaoa wawili. Huyu mguu ule aliumia kwa fisi, siyo kwa pikipiki kama anavyodanganya. Huyu mtoto baba yake siyo yule unayemdhani! Deus anacheka, mimi naongeza. Sikujua kuwa kile kidude kinanasa na sauti. Hakuniambia. Nami sikuuliza.

Ikaja picha ya Magesa. Yuko na baiskeli, nyuma kafunga mfuko wa pumba.

"Na huyu, baba mkubwa?"

"Huyo!" nikapiga paja. "Huyo ndiye mwizi mkuu wa wilaya hii! Andika, Magesa, mwizi! Unafikiri kwenye huo mfuko kuna pumba? Mawe yenu hayo ya dhahabu! Msipomfunga huyo mtabaki na mashimo matupu!"

Tulicheka mpaka Deus akafuta machozi. Nyabweke akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe mwanaume, mdomo wako huo! Mwambie mtoto unatania."

"Anajua huyu, ni mtoto wa hapa."

"Mwambie."

Sikumwambia. Kwa nini nimwambie? Amekua anatusikia kila siku. Magesa mwenyewe alikuwaga anambeba mabegani akiimba kwamba amemwiba mtoto wa mwizi. Deus anajua utani wetu kama anavyojua kiganja chake. Alijua! Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Siku chache baadaye mimi na Magesa tulikwenda lamboni pamoja, kila mtu na ng'ombe wake. Nilikuwa namsimulia habari ya bibi mmoja wa Musoma aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, sijui kwa nini nakumbuka habari hiyo. Tulipofika getini mimi nikapita. Magesa akapita, kengele ya geti ikalia. Taa nyekundu.

Mlinzi akatoka na simu mkononi, anamtazama Magesa, anatazama simu.

"Wewe ndiye Magesa?"

"Ndiye."

"Mwizi wa mawe?"

Magesa akacheka! Alifikiri mlinzi amefundishwa utani wetu. Akamwambia, "Umenijuaje, mwizi mwenzangu? Leo tunagawana?"

Mungu wangu. Walimshika wawili wakamlaza chini kifudifudi. Mmoja akamkalia kiunoni. Mzee wa umri ule! Ng'ombe wake wakatawanyika. Yeye bado anajaribu kucheka, mdomo umejaa vumbi, ananiita mimi, "Mwizi wewe, waambie hawa watoto! Waambie!"

Na mimi nilijua pale pale. "Mwizi wa mawe." Maneno yangu hayo. Niliyatambua kama baba alivyomtambua ng'ombe.

Nilisema, "Muacheni, ni mzee wa hapa." Hayo tu. Sikusema, "Ni mimi niliyemtania." Ulimi ule uliotaja kijiji kizima uligoma kutaja neno moja.

Walimwachia jioni. Nyonga iliumia, akawa anatembelea fimbo. Wakamwambia asikanyage geti lao tena. Njia ya kuzunguka uzio ni ndefu, ng'ombe wanafika lamboni wamechoka, wakirudi wana kiu upya. Wakaanza kukonda. Mbavu unaziona ukiwa mbali.

Nilimfuata Deus. Nilimkuta dukani anakunywa soda.

"Futa yale maneno."

"Baba mkubwa, punguza sauti."

"Unajua ni utani!"

"Mimi najua. Kompyuta haijui. Ina sehemu ya jina, ina sehemu ya hali ya mtu. Walitaka tujaze. Kila aliyekaa kwenye kile chumba anatakiwa alete watu wa kuangaliwa, mimi nilikuwa sina."

"Kwa hiyo ukamleta Magesa?"

"Wewe ndiye uliyesema, baba mkubwa. Mimi niliandika."

Halafu akaniona macho yangu, akasema sawa, atafuta. Wiki hiyo hiyo. Nikamwamini. Mtoto niliyemvusha mto mgongoni, nimkatae?

Magesa alikuwa na binti anayepikia wachimbaji kwenye machimbo mengine, upande wa Bunda. Akaenda kumtembelea. Hata mlangoni hakufika, kengele ya huko nayo ikalia! Kampuni nyingine kabisa! Walinzi wa huko hawajawahi kumuona maishani mwao, wanamwita kwa jina, wanamuuliza mawe kayauza wapi. Wanaazimana nyuso, ndivyo nilivyokuja kusikia, kama watu wanavyoazimana jembe. Binti alifukuzwa kazi kwa kuwa na baba mwizi.

Magesa akarudi ameinama. Akaita rika.

Huku rika wakishukuana, wanawekewa chungu kimoja cha pombe ya mtama katikati. Kila mtu na mrija wake. Kabla hujanywa unasema moyo wako uko safi kwa mwenzako. Ukiwa na jambo, hunywi, unalitoa kwanza. Tumebaki wachache, wengi wametangulia. Magesa alitutazama mmoja mmoja.

"Kuna mtu aliyenitaja kwa wale watu. Simdai kitu. Nataka kumjua tu, nilale."

Zamu yangu ilifika. Wenzangu hata hawakunitazama vizuri, nani atanishuku mimi? Nikasema moyo wangu ni safi. Nikanywa.

Nilikunywa, ndugu zangu!

Ningeweza kulitoa pale. Wangenichapa, wangenicheka, wangenitoza mbuzi, tungekwisha. Magesa angekuwa na hadithi ya kunisimanga mpaka tuzikwe. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu, na niliimeza pamoja na pombe.

Magesa hakukata tamaa. Akasema atakwenda ofisini kwao kuomba sura yake itolewe. Anahitaji shahidi, mtu anayemjua tangu utoto. Akanichagua mimi.

Sikukataa. Nilijiambia Deus ameshafuta, tutaambiwa ni makosa ya mashine, tutarudi tunatukanana njiani kama zamani.

Kabla sijasema yaliyotokea ofisini, nitoe onyo langu hapa hapa, kwa sababu nikifika mwisho sitakuwa na neno la kuongeza.

Wazee wenzangu, na ninyi vijana mnaotajana kwenye simu mkicheka, akija mtu na picha za majirani zako akakuomba majina, muulize hao majirani wanajua? Muulize jina likishaingia linakaa wapi, nani atalisoma, na siku likikosewa nani atalifuta. Akikujibu usijali, funga mdomo, hata kama ni mtoto uliyemlea. Uso wa mtu ni wake. Mimi niliugawa kama ugoro. Sisi tumezoea kumfungua mgeni ukoo mbele ya watu, akikosewa anasahihisha, watu wanacheka, kwisha. Pale Magesa hakuwepo kusahihisha. Alitajwa akiwa njiani na pumba zake.

Na ninyi viongozi mliotuambia asiye na kosa haogopi kuonekana, Magesa alikuwa na kosa gani?

Na ukishakosa, sema siku hiyo hiyo. Usinywe.

Basi, tulifika ofisini. Bosi alikuwa kijana mpole tu, akatupa viti, akatupa maji ya chupa. Deus alikuwa pembeni, hanitazami. Magesa akajieleza vizuri sana, Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Akasema hajui aliyemsingizia, hahitaji fidia, anataka ng'ombe wake wapite.

Nikamsaidia. Nikasema namjua tangu tukiwa watoto, mtu huyu ni safi.

Bosi akageuka kwa Deus. "Taarifa hii ilitoka wapi? Maana kama uliandika bila ushahidi, kazi huna."

Deus akasogea mezani. Nilimtazama. Nilimtazama kwa macho ya mtu aliyekulisha. Akachukua tableti.

"Siyo mimi, bosi. Ni huyu mzee. Sauti yake ipo."

Akabonyeza.

Sauti ikatoka. Kicheko changu kwanza. Halafu kofi la paja. "Huyo ndiye mwizi mkuu wa wilaya hii! Andika, Magesa, mwizi!" Mawe, mifuko, mashimo matupu, yote. Ila haikuendelea mpaka pale Nyabweke aliposema niseme ni utani. Sehemu hiyo haikuwepo. Sijui ilikatwa, sijui haikunaswa. Nimemuuliza Deus baadaye, amekataa kunijibu, na nyumbani kwangu hali chakula tena.

"Ni utani!" nikapiga kelele. "Bosi, sisi ni rika, tunaitanaga hivyo! Magesa, mwambie! Wewe mwizi, mwambie!"

Nilimwita hivyo palepale, mbele yao. Mazoea mabaya.

Bosi akasema atapeleka ombi makao makuu, ila sura ikishaingia huko kuitoa kunachukua muda, na yeye hana uwezo. Sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama Magesa.

Nilisubiri anitukane. Niliomba anitukane! Angenipiga fimbo ningefurahi. Hakuonekana hata na hasira. Alikuwa ananitazama usoni, paji, masikio, mdomo, taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

"Na chungu ulikunywa," akasema.

"Magesa..."

"Shikamoo, mzee," akaniambia.

Mimi! Rika wake! Neno hilo hatujawahi kupeana maisha yetu yote, ni neno la kumpa mkubwa wako au mzee usiyemzoea.

Akaegemea fimbo, akainuka. Nikataka kumshika mkono kwa ajili ya ile nyonga, akausogeza pembeni bila fujo. Maji ya chupa hakuyagusa. Akatoka mlangoni, akashika njia ndefu ya kuzunguka uzio, si ya kwenda kwake, ile ya kushuka upande wa ziwa. Nilisimama nikamwita kwa jina, kisha nikamwita kwa lile jina letu. Hakugeuza shingo. Mpwa wake alikuja baadaye kuwaswaga ng'ombe, hakuniambia anawapeleka wapi. Nyumba imefungwa, majani yamefika dirishani. Magesa hajarudi.